Kabla ya kutia sahihi: habari za Mama Mildred, bingwa wa kachi



Jumamosi iliyopita tulimaliza kuhesabu pesa za likelemba, tukamkabidhi mama aliyefikiwa na zamu, tukafunga sanduku. Mwenzetu mmoja muuza samaki hakuinuka. Alifungua fundo la kikwembe chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaomba tumsomee polepole kwa sababu ilikuwa ya Kifaransa, tena Kifaransa cha ofisi.

Karatasi ilimhusu binti yake. Ana miaka 17. Kwa miezi minane mama alijua mtoto anaenda mazoezi ya kwaya kila jioni, kumbe alikuwa anajifunza kachi pamoja na vijana wa kartye. Mama alishangaa tu kwamba ni kwaya ya namna gani inayochubua magoti. Sasa ametokea bwana mmoja anayejiita meneja, anasema binti ana kipaji, anataka kumpeleka Kinshasa. Karatasi inasema binti atapigana chini ya bwana huyo kwa miaka mitano. Malipo yote yatapokelewa na bwana huyo, naye atamsaidia binti "kadiri ya uwezo". Chini kuna mstari mtupu wa sahihi ya mzazi.

Mnajua wenyewe jinsi tulivyolipuka. Wengine walisema kachi ni mambo ya dawa na nyoka, mtoto wa mtu hawezi kuingia huko akatoka salama. Wengine walisema mwacheni, mbona watoto wa kiume wakicheza mpira hatupigi kelele? Mama mmoja mtu mzima, ambaye huwa hasemi sana, aliuliza swali moja tu: "Hizo pesa zitakaa mkononi mwa nani?" Tulinyamaza. Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu wa juma hili.

Kwanza tuseme ukweli juu ya kachi yenyewe, maana wengi wetu tunaiogopa bila kuijua. Huko Kinshasa ni mchezo mkubwa tangu miaka ya 1970. Wapiganaji hupita barabarani na fanfara kabla ya pambano, wamejipaka rangi, watoto wanawafuata nyuma. Walio wengi huchanganya nguvu za mwili na maigizo ya dawa: mtu anatoa kitu kwenye kifuko, mwenzake anaanguka kama amepigwa na radi. Edingwe, yule waliyemwita Moto na Ngenge, alijulikana nchi nzima kwa namna hiyo. Wanawake nao wako ulingoni siku hizi. Na kwa majirani zetu wa Uganda, kule Mukono, Daniel Bumba anayeitwa Bumbash alianza mwaka 2023 kuwafundisha vijana wa kiume na wa kike mieleka kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa miti, kwa sababu hawakuwa na pesa za ulingo wa kweli. Video zao zilizunguka dunia nzima. Kwa hiyo binti wa mwenzetu si wa ajabu kama tulivyodhani.

Lakini tulitaka kumjua mwanamke aliyetangulia katika njia hii mpaka mwisho wake, si mwanzo tu. Mwanzo daima ni mtamu. Mwenzetu mwalimu wa sekondari alitafuta, akasoma, akatuletea habari za mama mmoja wa Marekani. Tumeona tuwasimulie ninyi pia.

Aliitwa Mildred Bliss, na dunia ikamjua kwa jina la Mildred Burke. Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 8 mwaka 1915 katika mji mdogo wa Coffeyville, jimbo la Kansas. Aliacha masomo akiwa na miaka 15, akafanya kazi ya kuwahudumia watu chakula. Akaolewa na miaka 17. Mume akampeleka kuona mieleka jijini Kansas City, naye Mildred akaipenda papo hapo. Kisha akashika mimba, na mume akaenda zake. Hapo wamama wengi wa Kindu hawahitaji maelezo zaidi. Alibaki na mtoto wa kiume mkononi na kazi ya kubeba sahani kwenye mgahawa wa mama yake, katika miaka ile ambayo Marekani nzima ilikuwa na njaa ya kazi.

Mgahawani alikuwa anafika mpiganaji mmoja aliyekuwa pia mwalimu, Billy Wolfe. Mildred alimwomba amfundishe. Alikataa. Akaomba tena. Bwana huyo, ili kumaliza maneno, alimwambia kijana mmoja mpiganaji ambebe huyu dada amtupe chini vizuri, apate kukoma. Mildred ndiye aliyembeba kijana na kumtupa chini. Alikuwa mwanamke wa mita moja na sentimita 57, uzito wake wakati wa ubingwa ukiwa kama kilo 62. Wolfe akabadili mawazo.

Mwaka 1935 walianza kuzunguka na maonyesho ya kutembea, yale yanayohamia mji baada ya mji na mahema yake. Tangazo lilikuwa hivi: mwanaume yeyote asiyemzidi Mildred uzito kwa zaidi ya kilo 9, akiweza kumlaza mgongo chini ndani ya dakika kumi, atalipwa dola 25. Inasemwa alipambana na wanaume karibu 200 katika miaka ile, akashindwa mara moja tu. (Mama mmoja wa kundi letu alitaka jina la yule mmoja. Hatulijui, na pengine ni heri kwake.) Mwezi wa kwanza mwaka 1937, mjini Chattanooga, alimshinda Clara Mortensen, akawa bingwa wa dunia wa wanawake.

Hapa mwalimu wetu alitueleza jambo ambalo ni lazima mama yeyote alijue. Kachi ya kulipwa si vita ya kweli kama ile ya ulevini. Mara nyingi wapiganaji wanajua mapema nani atashinda, na kila mmoja anaulinda mwili wa mwenzake huku watu wakiamini anauvunja. Lakini kuanguka ni kwa kweli. Chini ya lile turubai kuna mbao. Mwanafunzi wa kweli hafundishwi kupiga kwanza, anafundishwa kuanguka: kidevu kifuani ili kichwa kisigonge, mikono ifunguke ipige chini kwa pamoja ili mshindo usambae, pumzi itoke. Anarudia mara mia, na kesho mara mia. Mwalimu anayeruka hatua hiyo anachezea shingo ya mtoto wa watu. Na ndiyo maana mnapowaona watoto wenu wa miaka minane wakirukiana kitandani baada ya kutazama televisheni, msicheke tu. Hawajafundishwa kuanguka.

Basi Mildred alikuwa bingwa. Alivaa vizuri, akajaza viwanja, akasafiri na mwanawe Joe kutoka mji hadi mji. Alikuwa pia ameolewa na Billy Wolfe, na hapo ndipo hadithi inapogeuka. Wolfe alikuwa mume, mwalimu, meneja, na mpangaji wa mapambano, yote katika mtu mmoja. Aliwakusanya wasichana wengine wapiganaji chini yake, akachukua sehemu yake kutoka kwa kila mmoja, na kulala na wengine wao. Pesa za jasho la Mildred zilipita mkononi mwake. Na mwanamke huyu aliyeangusha wanaume hadharani, nyumbani alipigwa. Aliyaeleza mwenyewe katika maandishi aliyoyaacha, nayo yakatumiwa baadaye na mwandishi Jeff Leen katika kitabu juu ya maisha yake kilichotoka mwaka 2009.

Tulipofika hapo, kikao kilikaa kimya kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa na sura fulani mbele ya macho yake.

Mama mmoja akasema, lakini kwa nini asiondoke, na nguvu zote hizo? Tulijadiliana sana swali hili. Jibu tulilolipata ni kwamba nguvu za mwili hazikuwa na kazi mahali pale. Wolfe ndiye aliyejuana na wenye viwanja. Wolfe ndiye aliyeandika tarehe za mapambano. Ukimwacha Wolfe, unaacha mume na unaacha kazi kwa siku moja. Sisi wenyewe tukumbuke kwamba hapa kwetu, kabla ya sheria ya familia kurekebishwa mwaka 2016, mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume ili afanye mambo mengi mbele ya sheria. Tusimcheke Mildred.

Hata hivyo aliondoka. Ndoa ilivunjwa mwaka 1952. Walipatana kwamba mmoja wao anunue biashara ya mwenzake, na Mildred akainunua, kwa sharti Wolfe asirudi kupanga mapambano kwa miaka mitano. Wolfe hakuheshimu neno lake. Akarudi, akawaita wale wasichana, na wenye viwanja wakamfuata yeye. Kampuni mpya ya Mildred ikaanguka. Kwenye karatasi alikuwa na haki yote, lakini mlango wa kila uwanja ulikuwa na rafiki wa Wolfe.

Kisha tarehe 20 mwezi wa 8 mwaka 1954, mjini Atlanta, wakamweka ulingoni na June Byers, aliyekuwa ameolewa na mtoto wa Wolfe. Safari hii hapakuwa na mapatano ya nani atashinda. Lilikuwa pambano la kweli la raundi tatu, mwenye kushinda mbili ndiye bingwa. Mildred alikuwa na miaka 39 na goti bovu. Byers alishinda raundi ya kwanza. Raundi ya pili ilikwenda, ikakwenda, hakuna aliyemlaza mwenzake, mpaka wasimamizi wakasimamisha pambano. Mildred alitoka akijua bado ni bingwa, maana hakushindwa mara mbili. Magazeti yakaandika kwamba Byers ameshinda. Huko nyumbani Marekani mlango wake ukafungwa.

Sisi tungeweza kuishia hapa, na wale wanaoichukia kachi wangefurahi. Lakini sehemu tuliyoipenda zaidi ndiyo inaanza.

Mwezi wa 11 mwaka uleule, miezi mitatu tu baada ya Atlanta, Mildred alisafiri na wapiganaji wenzake wa kike mpaka Japani. Walipigana Tokyo mbele ya umati mkubwa. Wajapani walikuwa hawajaona kitu kama kile. Kachi ya wanawake ikaota mizizi kule kuliko mahali pengine popote duniani. Mwaka 1968 likaanzishwa shirika la wanawake la nchi nzima, na mkanda wa ubingwa wake mkuu ulikuwa ule uliotoka katika chama alichokianzisha Mildred baada ya kufukuzwa kwao. Wasichana wa Kijapani walipigania mkanda huo kwa miaka zaidi ya 30. Katika miaka ya 1980 Chigusa Nagayo na mwenzake Lioness Asuka walijulikana kiasi kwamba wasichana wa shule walijaza viwanja na kulia machozi. Nagayo naye akawa mwalimu, akaanzisha shirika lake, na mwanafunzi wake Meiko Satomura akaja kuwafundisha wengine. Hesabuni wenyewe mikono mingapi imepokezana hapo.

Mildred hakutajirika. Alifungua chumba cha mazoezi huko Encino, jimbo la California, akawafundisha wasichana mpaka uzeeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alifika kwake msichana mmoja kutoka Kanada, Rhonda Sing, mnene, mwenye nguvu, ambaye kwao hakuna aliyemtaka. Mildred alimfundisha. Muda mfupi baadaye Rhonda alikuwa Japani akiwatisha mabingwa. Mildred alifariki tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 1989, na mwaka 2016 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya kampuni kubwa kabisa ya mieleka ya Marekani.

Tuongeze jambo moja ambalo si tamu. Aliyechukua nafasi kubwa baada yake, Lillian Ellison aliyeitwa Moolah, alikuwa ametoka katika kundi lile la Wolfe, naye alikuwa mwanamke. Akawa mwalimu na meneja wa wasichana wengi. Wengi wao walilalamika baadaye kwamba alikata sehemu kubwa ya malipo yao na kuwaweka mahali pabaya. Mwaka 2018 malalamiko hayo yalikuwa mengi kiasi kwamba shindano lililopewa jina lake lilibadilishwa jina. Kwa hiyo wale wamama waliosema "ingekuwa meneja mwanamke ningetia sahihi leo", tafadhali wafikiri tena.

Sasa turudi kwa karatasi yetu.

Tulitazama sanduku la likelemba pale mezani. Lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti, katika avenyu tofauti. Siyo kwamba hatuaminiani. Tumekula pamoja miaka mingi. Lakini hakuna mmoja wetu anayeweza kulifungua peke yake usiku, hata akiwa na shida ya kweli, na kwa sababu hiyo bado ni marafiki. Ile karatasi ya bwana meneja ilikuwa sanduku lenye ufunguo mmoja. Yeye anapanga pambano, yeye anapokea malipo, yeye anaamua uwezo wake ni kiasi gani, kwa miaka mitano, katika mji ambao mama hana hata ndugu wa kumpigia simu.

Tena binti ana miaka 17. Katika nchi yetu mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, katiba inasema hivyo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inasema hivyo. Mama hakatazwi kumruhusu binti kucheza. Lakini hakuna haraka yoyote inayomlazimu kutia sahihi kabla ya mtoto kufikisha umri, na meneja anayesema nafasi itapotea Jumatatu anatufanya tuulize kwa nini Jumatatu.

Na kuna jambo tulilokaribia kulisahau katika hasira zetu. Meneja si mwalimu. Anayemfundisha binti ni mtu mwingine, kijana fundi wa baiskeli, ambaye hajaomba hata franka moja. Siku ya Jumatatu jioni watatu kati yetu tulimsindikiza mama mpaka pale wanapofanyia mazoezi. Hapana ulingo. Kuna magunia yaliyojazwa maganda ya mpunga, yameshonwa pamoja, yametandikwa juu ya majani makavu. Tulikaa pembeni na vikapu vyetu. Binti alipotuona alisimama kama aliyekamatwa akiiba. Mwalimu alimwambia aendelee.

Akaanguka. Tulifumba macho. Akainuka, akaanguka tena, kidevu kifuani, mikono ikapiga magunia kwa pamoja, na mara ya tatu au ya nne mama yake akafungua macho akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Alihesabu mpaka 26. Hatukuwahi kumsikia akihesabu kitu kingine isipokuwa samaki.

Wakati wa kurudi tulitembea kimya, kisha mama akasema, "Ananidanganya kwamba ni kwaya." Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akanunua mafuta ya mawese kwa ajili ya chakula cha jioni.

Mpaka leo karatasi haijatiwa sahihi. Iko ndani ya sanduku, chini ya daftari. Kwa bwana meneja tumempelekea maswali yetu kwa maandishi, kwa Kifaransa cha ofisi kama chake, mwalimu wa sekondari ndiye aliyeyapanga. Tumemuuliza kila pambano litalipwa kiasi gani, na nani atashuhudia malipo. Tumemuuliza binti atalala wapi, kwa nani, na mama huyo wa nyumba anaitwa nani. Akivunjika mkono, nani atalipa hospitali? Kwa nini miaka mitano na siyo mitatu au miezi sita? Atamaliza shule wapi? Na tumemwomba aandike kwamba sehemu ya binti itaingia moja kwa moja katika simu ya binti, siyo ya mtu mwingine, hata siyo ya mama yake. Sharti hilo la mwisho mama mwenyewe ndiye aliyelitaka.

Wamama wenye mabinti wanaopenda michezo, wa kachi, wa judo, wa mpira, karibuni. Yule fundi wa baiskeli amekubali kuja Jumapili saa kumi, baada ya ibada, aeleze kazi yake na kujibu maswali, na binti atakuwepo. Mje na viti vyenu, vya chama ni kumi na viwili tu. Bwana meneja pia amealikwa. Bado hajajibu.